Jina la Mdogo Wangu Lugano

Enzi zetu kitabu kimoja kilitosha kijiji kizima, na hakuna aliyethubutu kuchungulia mwisho wake. Kijiji chetu cha ujamaa kule Handeni kilikuwa kipya, nyumba bado zinanukia udongo mbichi. Tukitoka shamba la kijiji, akina mama walikaa uani kwetu kupukuchua mahindi, wadogo zangu wakigombania magunzi ya kuchezea, na mimi nikiwasomea kwa sauti. Akina mama kisomo chao kilikuwa bado kwenye a, e, i, o, u.

Kitabu alikinunua baba stesheni ya Korogwe. Humo tajiri mmoja alikutwa amekufa, na mpelelezi, Inspekta Lugano, akawa anamsaka muuaji. Lugano hakula rushwa wala hakumdharau mtu kwa viraka vyake. Mama alimpenda kupita kiasi. "Huyu ndiye mtu," alisema kila sura, mpaka baba akaanza kununa.

Tulipofika katikati, mama akajifungua mtoto wa kiume. Bibi, mama yake baba, alikuwa na jina tayari: Mhando, la marehemu babu. Mama akakataa katakata, jambo ambalo mkwe wa enzi zile hakulifanya. "Mwanangu ni Lugano." Tangu siku hiyo bibi mjukuu hakumbeba.

Mahindi yalipokaribia kwisha nikafika sura ya mwisho. Muuaji alikuwa Inspekta Lugano.

Mikono yote ilisimama. Mama, mtoto yuko titini, alinitazama kama vile nimeua mimi. "Soma vizuri, mwanangu." Nikarudia taratibu. Akawa ni yule yule. Sijawahi tena kuona watu wazima wamepigwa na butwaa namna ile kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Mwandishi yule nilimchukia, na mpaka leo namchukia. Hakutupa hata dalili moja. Alitulisha mtu mwema kitabu kizima, kisha akatunyang'anya kwa ukurasa mmoja.

Macho yakamwendea bibi. Sasa alikuwa na haki zote za kudai jina lake. Akainuka, akamchukua mtoto kwa mara ya kwanza. "Lugano," akaita. Mtoto akacheka.

"Ameshaitika," bibi akasema. "Ya kitabu yaishie hapa hapa uani. Atakayemwambia mjukuu wangu, mimi na yeye basi."

Kesho yake mama aliwashia moto wa makande kwa kitabu kile. Na kweli, hakuna aliyesema, hata watani, ambao hata msibani hawana breki.

Vijana wa leo sijui wameumbwaje. Juzi sijakaa vizuri mbele ya filamu, mjukuu wangu ameshanitajia nani anakufa. "Si ipo kwenye simu, bibi, kila mtu anajua." Wanajua yote, na hakuna kinachowashtua.

Lugano sasa ni mzee, anatengeneza baiskeli Manundu, pale Korogwe mjini. Ukimuuliza jina hilo la watu wa Mbeya alilipata wapi, hunyoosha mgongo. "Nimepewa jina la askari mmoja mwaminifu sana," hujibu. Mama na bibi tumeshawazika. Kusoma hadithi yeye hataki, kwa hiyo haya hatayaona. Ninyi mliokuwa pale uani, mkipita kwake kujaza upepo, msalimieni Inspekta, mwende zenu.