Soketi ya Bafuni na Shuka la Mama Mkwe

Afadhali mlisikie hili kwangu kuliko kwa majirani wa Nsambya, hapa Kampala, maana wao kila wakilisimulia wananipunguzia nguo: ndiyo, mama mkwe wangu mtarajiwa alinikuta nimelala miguuni pake, nina povu, ndevu zimebaki upande mmoja, na kiunoni taulo (namshukuru Mungu kwa hilo taulo, ingawa nalo lilikuwa limeshakata tamaa).

Mimi ni kinyozi, mtu wa Bukavu, na kama wanaume wengi wenye simu, mimi pia ni fundi umeme. Bafuni kwangu, kando ya kioo, kulikuwa na kiboksi chenye matundu mawili, na mwenye nyumba aliniambia ni cha mashine ya ndevu tu, kwamba ndani mna transfoma inayoutenga umeme wa bafuni na ule wa nyumba, nami nikaitikia kwa heshima huku nikiwaza huyu mzee ananibania umeme. Kiboksi chenyewe kilikuwa kinaunguruma, na pasi hakikuiweza kabisa. Basi asubuhi ya siku ya wageni, nikitaka suruali inyooke, nikaenda Old Kampala kununua soketi ya kawaida, muuza duka akaniuliza naifunga wapi, nikamjibu sebuleni (mngeniona nilivyokuwa na uso wa mkweli), nikarudi, nikang'oa kiboksi, nikaunga waya moja kwa moja. Pasi ikapata moto, nami nikajiona profesa.

Wageni wenyewe walikuwa wa kwao Rose, mchumba wangu. Rose ni Muganda, na kabla watu wake hawajanipa tarehe ya kwenda kujitambulisha rasmi kwao, walitaka kuona binti yao ataishi wapi. Akaja senga, yaani shangazi yake, na akaja mama yake mzazi. Sasa, kwa Waganda mwanaume na mama mkwe hawagusani, hata kutazamana ni shida, na anayevunja mwiko huo wanasema anapatwa na buko, ugonjwa wa kutetemeka. Kwa hiyo Rose alifunga shuka katikati ya sebule, mama akakaa nyuma yake, nami nikapiga magoti mbali kabisa nikasalimia shuka.

Walikuwa wamewahi, sijanyoa. Nikaomba radhi, nikaingia kuoga, na nikiwa bado nimelowa, povu mwilini na taulo kiunoni, nikashika mashine yangu ya zamani, ya bodi ya chuma yenye ufa, ambayo kwenye kile kiboksi ilininyoa miaka yote bila neno. Nikaichomeka kwenye soketi ya profesa. Shavu la kulia likaisha vizuri. La kushoto sikulifikia, kwa sababu mkono ulikaza ukakataa kuachia, mwili wote ukaanza kucheza ngoma nisiyoijua, na sauti iliyonitoka sitaki kuizungumzia.

Senga akasukuma mlango (komeo lilikuwa la ufundi wangu mwenyewe, kwa hiyo mlango haukumsumbua), akatangaza kwamba natetemeka na nimeng'ang'ania mashine, akanyoosha mikono anivute. Ndipo ikasikika sauti ya mama nyuma ya shuka, mama aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, kati ya mashine kubwa na sakafu zilizolowa.

“Mtu asimguse. Rose, zima meni kwanza.”

Rose akakimbilia swichi kuu ya nyumba, akazima. Mkono ukaachia, nami nikatoka mbio bila kujua naenda wapi, nikateleza, nikadaka kitu cha kwanza nilichokiona, na kitu chenyewe kikawa shuka. Tukaanguka pamoja. Mama akajifunika uso kwa kitenge chake, mimi nikabaki pale chini natetemeka bila kukoma.

“Ile ni buko,” senga akasema, akachukua mkoba wake. “Imemkamata mapema hivi. Huyu hapana kuoa kwetu.”

Hapo niliogopa kuliko nilivyouogopa umeme, maana Rose nampenda, na nilimwona anaanza kulia. Nilitaka kujitetea lakini meno yalikuwa yanagongana.

“Si buko,” mama akasema ndani ya kitenge. “Ni soketi. Iko wapi ile boksi ya bafuni?”

Rose akasema jana ilikuwepo. Mama akaniambia mimi, bila kunitazama:

“Mimi na wewe tunaongea lakini hatugusani. Umeme ya bafuni ni vile vile. Nguvu inapita, waya hazigusani. Sasa wewe ulitoa shuka.”

Senga akarudisha mkoba chini. Tarehe, mama akasema, itatoka siku fundi wa kweli atakaporudisha kiboksi na Rose akakiona kwa macho yake. Tukala chakula bila umeme, mimi na nusu ndevu zangu, nimegeukia ukutani.

Fundi alikuja, akacheka mpaka akakaa chini, akarudisha kiboksi na kuongeza swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Tarehe ikatoka. Na siku ya kujitambulisha, senga aliniletea kifurushi kidogo kutoka kwa mama, ndani mna wembe, na ujumbe kwamba huu hauna waya.

Nanyolea wembe mpaka leo. Na soketi yoyote ya bafuni naipa heshima ile ile ninayompa mama mkwe: nasalimia kwa mbali, macho chini, na sigusi kitu.