Kaburi Jeupe la Oguttu

Ukija mji wetu kutafuta historia, utaonyeshwa maji. Gati ambalo zamani meli zilipakia pamba liko chini ya maji. Duka la Mhindi nalo liko chini ya maji. Siku hizi kambare wanaingia bila kupiga hodi. Ziwa lilifura mwaka ule wa korona, na liliporudi nyuma kidogo halikurudisha kitu. Wageni huteremka kutoka Lumino na simu zao mkononi, wakauliza, "Sasa hapa kuna nini?" Mimi nauza samaki, sina nguvu za kuwajibu.

Kilichobaki ni kaburi la Oguttu.

Oguttu alikuwa mvuvi, akazikwa nyumbani kwake kama kila mtu wa huku, kwenye mwinuko unaotazama mwalo, pale boti zinaposhushia samaki. Mjane wake, Resty, alilipaka kaburi chokaa. Hakuwa na nia nyingine ila kumheshimu mumewe. Lakini wavuvi waliorudi alfajiri wakagundua kwamba ukiulenga ule weupe, unapita salama katikati ya miamba. Ndivyo marehemu alivyopata kazi, na mkewe naye. Kila mvua kubwa zilipoisha, Resty alikoroga chokaa, akainama, akapaka. Miaka nenda, miaka rudi, mpaka magoti yakamwishia.

Mwaka huu alisema basi. Binti yake aliyeolewa Iyolwa alikuwa amemwandalia chumba, mbali na ziwa, karibu na wajukuu.

"Nimechoka, jirani," aliniambia. "Nataka siku moja nilale mpaka jua lipande."

Akafunga nguo zake ndani ya shuka jeupe, akamngoja mwanawe Nathan aje kumchukua.

Nathan alikuja na fundi. Ana duka Busia, mpakani, na aliona haya kwamba baba yake bado amelala chini ya chokaa wakati wenzake wanawajengea wazee wao kwa vigae. Fundi akabandika vigae vyeusi vinavyong'aa, vizuri ajabu.

"Mama, pumzika sasa," Nathan alisema. "Hapa hapapakwi tena. Jumapili nakuja na gari, nakupeleka Iyolwa."

Resty alilia kwa furaha. Nami nililia, ingawa si kawaida yangu.

Alfajiri iliyofuata boti ya Sam, mvuvi ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, ilipasuka mwambani. Hakufa mtu, Mungu mkubwa, lakini Sam alipanda kwa Resty akiwa amelowa chapachapa, mguu unavuja damu.

"Mama Nathan, mzee amekwenda wapi? Sisi natafuta yeye, hapana ona!"

"Yuko palepale," Resty alijibu. "Wamemvalisha suti."

Wavuvi walijaribu rangi nyeupe. Mvua ya kwanza ikaibandua yote. Wakasimika nguzo kando. Mtu akaigeuza kuni, na namjua. Kubomoa kaburi lililojengwa na mtoto wa marehemu hakuna aliyethubutu hata kutamka.

Jumapili Nathan alifika na gari. Alikuta nguo za mama yake zimemwagwa kitandani. Lile shuka lilikuwa juu ya kaburi, limebanwa kwa mawe kwenye pembe.

"Nenda tu," nilimsihi Resty. "Nitakuwa nalitandika mimi."

"Wewe ni mke wake?"

Nathan aligeuza gari, akarudi Busia peke yake. Nilimhurumia, nikamkasirikia pia.

Chokaa ilikuwa kazi ya mara moja moja. Shuka ni kila siku. Resty huamka kabla ya jogoo, hulitandika, hungoja boti ziingie zote, kisha hulianua lisije likaibwa. Juzi nilipita nikamkuta ameketi kando ya kaburi, miguu ameinyoosha, macho mekundu. Nikamuuliza kama amelala walau kidogo.

"Huyu ndiye anayelala," alisema, akilinyoosha shuka kwa kiganja. "Mimi namfunika."