Tumbo Lisilo na Mwenyewe

Fundi cherehani hawezi kudanganywa na kiuno chake mwenyewe. Mimi nashona sare za shule katika soko la Jebel, hapa Juba, na mwaka ule nilianza kufumua sketi zangu pembeni na kuongeza kitambaa, kidogo kidogo, huku uso na mikono yangu vikizidi kukonda. Wateja waliona kabla sijamwambia mtu. Wanawake wa soko letu hawaulizi, wanakuletea kiti. Siku jirani yangu muuza dagaa aliponiletea kiti, yeye ambaye kwa kawaida hunisogezea ndoo iliyopinduliwa, nikajua soko zima limeshanipa mimba.

Sikuwa na mimba. Nalisema hapa kama nilivyolisema wakati ule, bila kupepesa macho: sikuwa nimelala na mwanamume yeyote tangu turudi kutoka Kenya. Nilikuwa nakaribia miaka thelathini, sijaolewa, baba ameshafariki, na tumbo langu lilikuwa limejaa kuanzia upande wa kulia, chini ya mbavu, gumu kama tikiti. Nilidhani ni vidonda vya tumbo. Nikameza dawa za vidonda, nikaacha pilipili, na tumbo likaendelea na safari yake.

Kwetu, binti asiyeolewa akionekana hivyo, mama yake haruhusiwi kumuuliza. Anayeuliza ni shangazi, dada wa baba, ndani ya nyumba, mlango umefungwa, huku baba wadogo wamekaa nje kwenye viti vya plastiki wakisubiri jina la mwenye mimba. Jina likitoka, wanaume wanainuka siku hiyohiyo kwenda kwa watu wa kijana. Lisipotoka hawainuki, na mama anaendelea kuchemsha chai.

Shangazi yangu alikaa ukimbizini Uganda miaka mingi, na Kiswahili chake hakina subira.

"Binti ya kaka yangu, mimi hapana taka hadithi. Mwenye hii mimba iko nani?"

"Hakuna mimba, shangazi. Damu yangu inakuja kila mwezi."

"Iko wanawake inakuja tu. Sema jina."

Nikamwonyesha kijiti cha kupimia mimba nilichonunua duka la dawa kule Hai Jalaba, chenye mstari mmoja tu. Akakigeuza huku na huku.

"Hii imelala kwa duka. Joto imeharibu."

Akafungua mlango, akawaambia wanaume, "Amekataa kusema." Hakuwaambia kwamba nimesema sina mimba. Maneno hayo mawili yana umbali wa mbingu na ardhi.

Baba wadogo hawakukata tamaa. Walijua kuna fundi mmoja anayetengeneza vyerehani pale sokoni, kijana mpole, aliyerudi kutoka Uganda, ambaye alikuwa akikaa kwenye meza yangu hata siku ambazo mashine yangu haikuwa na ugonjwa wowote. Wakamwendea. Nilicheka, nikasema moyoni, nendeni, atawafukuza. Wakarudi wakitabasamu. Alikuwa amekubali.

Nilitaka kumchoma mkasi. Mtu ambaye hajawahi kunishika hata mkono amekubali kwamba tumbo langu ni lake! Nikawaambia anasema uongo, twendeni hospitali wakanipige picha ya tumbo mjionee wenyewe. Mkubwa wa baba wadogo akanijibu kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeamka vibaya.

"Mwenyewe amekubali, mama. Daktari ataongeza nini?"

Nikamtazama mama yangu. Akainamisha macho kwenye birika. Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu wengine walikuwa wageni katika mwili wangu, lakini yeye ndiye aliyenizaa.

Binti ambaye mimba yake imepata mwenyewe hukaa kwa shangazi mpaka ajifungue. Nikapelekwa Nesitu, nyumba iliyo kando ya barabara ya Nimule, malori yakipita mchana kutwa na kututia vumbi kwenye uji. Siwezi kusema shangazi alinitesa. Alinipa mayai ambayo yeye mwenyewe hakuyala. Alinikataza kubeba maji. Alinitendea mema yote isipokuwa lile moja nililolitaka, yaani kuniamini.

Miezi ikaenda. Wakati wa kujifungua ukafika kwa hesabu yao, ukapita. Tumbo lipo, mtoto hachezi, uchungu haujulikani ulipo. Majirani wakaanza kusema mtoto amelala, na mtoto aliyelala huamshwa. Shangazi akamwita daya, mkunga wa pale Nesitu, mwanamke mwenye mikono kama ya mkandaji wa chapati. Akanipaka mafuta, akanikanda, akasukuma kutoka kulia kwenda kushoto. Nikapiga kelele. Akasema vizuri, anaamka.

Aliponikanda mara nyingine, mwili ulinijibu. Ngozi yote iliwasha, nikatoka mabaka makubwa, midomo ikavimba, pumzi ikawa inapita kwa shida. Ilitulia baadaye, na daya akasema ni mafuta hayakunipenda. Lakini mimi nilikuwa nimeogopa kifo kwa mara ya kwanza. Nikaelewa kwamba nikiendelea kukaa pale nikiwa binti mtiifu, nitazikwa na mimba ambayo haipo, na watu watalia kaburini wakinisamehe kosa ambalo sikulifanya. Wazo la kusamehewa lilinikera kuliko la kufa.

Shangazi alipokwenda kuchota maji, nikafunga lawa begani, shuka letu la wanawake, nikasimama kando ya barabara. Lori la vitunguu likasimama. Dereva aliona tumbo, akadhani nina uchungu, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshika njia ya Juba akipiga honi kwa kila ng'ombe na kila pikipiki.

"Mama, vumilia! Hapana zaa kwa vitunguu yangu!"

Nilimwacha aamini alivyotaka. Ilikuwa mara ya kwanza tumbo lile kunisaidia.

Nikamkuta mama nyumbani anachambua mchele. Nikamwambia, "Mama, twende hospitali sasa hivi. Wakimkuta mtoto humu, nitaolewa na fundi na sitafungua mdomo tena maisha yangu yote. Wasipomkuta, mtasema hadharani kwamba nilisema kweli."  Akaweka ungo chini, akavaa viatu vyake vya kanisani.

Daktari wa picha alikuwa kijana aliyesomea Kenya. Akapitisha kifaa cha baridi tumboni, akakipitisha tena.

"Mama, hapa hakuna mtoto," akamwambia mama yangu. "Naona mfuko mkubwa wa maji, umekaa kwenye ini. Na ndani yake vifuko vingine vidogo."

"Mtoto hakuna?"

"Hakuna."

"Mafi nyerekuk?" akauliza kwa Kiarabu cha Juba, kana kwamba Kiswahili kingeweza kumdanganya.

"Mafi kabisa."

Mama akapiga vigelegele. Ndani ya chumba kile kidogo, chenye giza, mbele ya daktari aliyekuwa ameshika kifaa hewani, alipiga vigelegele vya harusi mpaka wagonjwa wa nje wakafungua mlango kuona nani amejifungua. Mimi nilikuwa nimelala pale, nina ugonjwa wa kuua mtu, na nilikuwa nacheka kwa furaha hadi tumbo likauma.

Daktari akasubiri hadi tukatulia, kisha akaniuliza kama nimewahi kuishi na mbwa. Nikamweleza utoto wangu Kakuma, kambini, karibu na mahali pa kuchinjia. Tulikuwa na mbwa aliyekula ini na mapafu mabovu yaliyotupwa, akarudi kutulamba nyuso, nasi tukala kwa mikono ileile. Ndivyo ugonjwa huu unavyoingia, akasema. Minyoo midogo sana hukaa kwenye utumbo wa mbwa, mayai yake hutoka na kinyesi, mbuzi huyala na majani, mtu huyala kwa mikono michafu. Ndani ya mbuzi au mtu, yai linatoa kiluwiluwi cha mnyoo, nacho hakikui kuwa mnyoo kamili. Kinajijengea mfuko wa maji na kukaa humo miaka na miaka, mfuko ukipanuka. Mbwa akila ini la mbuzi lenye mfuko huo, minyoo inaanza upya tumboni mwake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimepita nguo.

"Na mtu yeyote asilikande tumbo hili," akamalizia. "Mfuko ukipasukia ndani, mnaweza kumzika siku hiyohiyo."

Nikamweleza habari za daya na yale mabaka, akasema huenda mfuko ulikuwa umeanza kuvuja. Mama akakaa sakafuni, na viatu vyake vya kanisani. Akanishika mguu.

"Malesh, nisamehe, binti yangu. Malesh. Ulisema, na mimi nilisikia."

Nilimeza vidonge kwanza, kisha nikapasuliwa. Daktari wa upasuaji alinionyesha kilichotoka: ngozi nyeupe kama ya yai la kuchemsha, na vifuko vidogo vimejaa beseni. Nikamwomba mama akipige picha kwa simu, ili asije akatokea mtu wa kuniambia joto limeiharibu.

Fundi wa vyerehani alikuja wodini na juisi ya embe. Nikamuuliza kwa nini alisema mimba ni yake.

"Mimi nilitaka kusaidia wewe. Nilijua huyo mtu amekimbia."

"Mtu gani?"

Akaanza kunifungulia juisi. Alikuwa tayari kunioa na kulea mtoto wa mwingine, na hakuwa tayari kuamini neno langu moja. Nilimshukuru kwa juisi, nikamwambia aende akaseme kweli kwa baba wadogo. Alikwenda, hilo nampa sifa. Mpaka leo hutengeneza mashine yangu, naye hukalia ndoo.

Kwetu, mtu akibebeshwa neno la uongo na ukoo wake, ukoo huchinja mbuzi kumtua mzigo huo. Nilipopona vizuri, shangazi akaja kutoka Nesitu na mbuzi wake mwenyewe. Baba wadogo wakakaa kwenye viti vya plastiki uani kwa mama, na safari hii nikawekewa kiti katikati yao. Shangazi akapasua mbuzi. Mbwa wa mtaa walishajipanga kwenye uzio, kama kawaida yao panapochinjwa. Akatoa ini, na juu yake kulikuwa na malengelenge meupe yaliyojaa maji. Akainua mkono awarushie mbwa, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Shangazi, usitupe!"

Mkono ukabaki juu. Akatazama ini, akanitazama mimi.

"Ilikuwa hii?"

"Hii hasa. Yangu ilikuwa kubwa zaidi."

Akawapelekea baba wadogo, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliangalia na kukohoa. Kisha akachukua jembe. Wanaume walipotaka kumsaidia aliwakataza. Alichimba yeye, kwa umri wake, shimo la kufika magotini, akalizika ini lile na kulikandamiza kwa mawe, mbwa wakilia kwa uchungu nyuma ya uzio. Akanawa kwa sabuni hadi viwikoni. Halafu akaja mbele ya kiti changu, akapiga magoti, yeye, dada wa baba yangu.

"Binti ya kaka yangu, wewe hapana kuwa na mimba. Ulisema ukweli, na mimi nilikataa ukweli yako."

Nilimwacha hapo chini kidogo, kwa maana mimi si malaika. Kisha nikamshika mikono, ingali na maji, nikamwinua.

"Asante, shangazi. Sasa sema tena kwa sauti. Majirani wa nyuma hawajasikia."

Akageukia uzio, akavuta pumzi, akarudia.