Safi ya Mjomba

Wanaosema kazi ya kompyuta ni ya kukaa tu hawajakaa kama alivyokaa Mama Pacha wiki ile. Kiuno kilimkaza, macho yalimwiva kama aliyeshinda akimenya vitunguu, na chai aliyojimiminia asubuhi ilikuwa imeota ngozi juu hajaionja. Nyumbani pacha wake walishaacha kumpigia simu kumuuliza atarudi saa ngapi. Siku hizi walimuuliza baba yao, na baba yao naye hakujua.

Kazi yake ilikuwa kwenye kiini cha mfumo, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta inayozitawala programu zote. Humo yeye alishika upande wa kumbukumbu. Kila programu inataka nafasi, na hakuna hata moja iliyowahi kusema asante, nimeshiba. Kiini ndicho kinachogawa. Nafasi zikiisha, kinamnyang'anya aliyelala na kumpa aliye macho. Hiyo njia ya kunyang'anya Mama Pacha alikuwa ameiandika upya yote, na mwaka mzima ulimwishia humo. Alipomaliza, mashine zilienda kasi hata bosi, mwanamke asiyejua kumsifu mtu, akasema, "Hii sasa ndiyo kazi."

Toleo jipya likatoka, na simu za wateja zikaanza. Mashine inaamka vizuri, inafanya kazi vizuri, lakini kumbukumbu ikikaribia kujaa, inaganda. Haizimiki wala haifi. Inasimama tu imekodoa macho, kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata. Toleo la zamani halikuwa na ugonjwa huo.

Bosi alikuja akasimama mlangoni. Hakutaka kukaa, maana akikaa hubembelezwa akalegea.

"Mama Pacha, nakupa mpaka kikao cha jioni. Usiponionyesha kosa liko wapi, naing'oa kazi yako yote, narudisha ile ya zamani. Wateja hawali kasi."

"Si kosa langu."

"Nimesema ni lako?"

"Basi usiing'oe."

"Jioni," alisema bosi, akaenda zake.

Mama Pacha alibaki anautazama mlango. Kuing'oa ni dakika chache tu, mtu anabonyeza na mwaka wa mwenzake unaondoka. Na ikishang'olewa, nani atamruhusu kuirudisha?

Tena jambo lililomchosha kuliko yote alikuwa hajamwambia mtu. Alishalitafuta kosa kwa njia ya kukata nusu, ambayo ndiyo desturi yao. Unachukua toleo zima na toleo gonjwa, unayapanga mabadiliko yote yaliyofanywa katikati, kisha unajaribu la katikati. Likiwa zima, kosa liko mbele. Likiwa gonjwa, liko nyuma. Unakata tena, na tena. Kila jaribio unakijenga kiini upya, unaiwasha mashine, unailisha mpaka ijae, unangoja. Alikata, alingoja, mwisho akafika kwenye badiliko moja dogo, la mstari mmoja. Lake mwenyewe.

Akasema mashine imekosea. Akaanza upya tangu mwanzo, kwa mashine nyingine. Ikamfikisha palepale.

Sasa aliufungua ule mstari akautazama kama mtu anayemtazama mwanawe aliyeletwa na jirani kwa kuvunja dirisha. Kumbukumbu hukatwa vipande vinavyoitwa kurasa, na kurasa ni za aina mbili. Ukurasa safi nakala yake iko kwenye diski, unaweza kuutupa papo hapo ukachukua nafasi. Ukurasa mchafu una mambo mapya ambayo bado hayajafika kwenye diski. Ukiitaka nafasi yake, kwanza uyapeleke, na diski haina haraka. Ni kama sahani. Ukijihesabia kwamba sahani zote kabatini zimeoshwa, kumbe zina mabaki, wageni watakaa mezani wakitazamana wakati wewe unasugua.

Mstari wake ulihesabu kurasa zote za foleni ya nyuma, ile inayopangwa na mafundi wa diski, kuwa safi. Kwa nini aliandika hivyo? Hakukisia, yeye si mtu wa kukisia. Aliuliza. Alimuuliza Mjomba, fundi wa diski, ambaye si mjomba wa mtu yeyote pale ila kila mtu humwita hivyo.

Akainuka, magoti yakalalamika, akamfuata chumbani kwake.

"Mbona umenuna, mama? Umenyimwa nini?"

"Mjomba, kurasa za foleni ya nyuma. Safi au chafu?"

"Chafu! Chafu mno. Ndiyo maana nimezipanga nyuma, zinangoja diski."

"Wewe uliniambia safi."

"Mimi? Thubutu!"

"Nilikukuta kwenye ngazi umebeba kibodi kwapani. Nikakuuliza, 'Mjomba, kurasa za foleni ya nyuma vipi?' Ukanijibu, 'Safi!'"

Mjomba akavua miwani.

"Mama Pacha, si uliniuliza vipi? Mtu akiniuliza vipi, nasema safi. Hata jino likiniuma nasema safi."

Mjomba alicheka mpaka akashika meza. Mama Pacha hakucheka. Alikaa kwenye boksi la nyaya, kwa kuwa kiti hakikuwepo.

"Nisukumizie mimi kikaoni," Mjomba alisema alipotulia. "Nimezoea kusemwa."

"Nitasema nini? Kwamba nilijenga juu ya salamu?"

Alirudi mezani kwake. Akaufuta ule mstari, akaandika kwamba kila ukurasa uulizwe wenyewe hali yake kabla ya kuhesabiwa. Akakijenga kiini, akaiwasha mashine, akaanza kuilisha. Saa ya kikao ikafika naye hajabanduka. Bosi akamfuata.

"Nakungoja kule."

"Ngoja hapa."

Kumbukumbu ilipanda, ikapanda, ikakaribia kujaa. Mashine ikapunguza mwendo kidogo, kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Haikuganda. Bosi aliinama akaisogelea.

"Kwa hiyo kosa lilikuwa lako."

Mama Pacha alimwonyesha kwa kidole pale alipofuta.

"Mstari ulikuwa wangu. Na kazi yote iliyobaki ni yangu pia."

"Sawa. Inabaki. Nenda kalale, unatisha."

Mama Pacha alivuta kiti, akafungua faili jingine.

"Hujanisikia?"

"Nimekusikia. Lakini mwaka mzima nilikuwa namuuliza Mjomba vipi, naye ananijibu safi kama salamu, nami naandika safi."

Bosi, ambaye hakai, alikaa.