Siku Gari Lilipokatazwa Barabarani

Mume wangu alikwenda China kusoma, akabaki kufanya kazi. Mwajiri wake, Mtanzania mwenzetu anayewatafutia wafanyabiashara bidhaa, alikuwa na gari lake binafsi, na mume wangu ndiye aliyeliendesha: kupokea wageni uwanja wa ndege, kuwapeleka viwandani, kuwarudisha hotelini. Mimi nilibaki Ipagala na binti yetu, asubuhi naenda ofisini, jioni narudi nimechoka.

Katika mji ule mkubwa, gari la mtu binafsi hukatazwa kutembea siku moja ya kazi kila wiki, kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba yake ya usajili. Wanapunguza foleni na moshi. Ukikaidi, kamera zinakunasa. Aliponieleza mara ya kwanza, zamu ya gari lao ilikuwa Jumanne.

"Kwa hiyo leo upo tu?" nilimuuliza.

"Nipo chumbani, nimenyoosha miguu. Hebu nipe habari za nyumbani, zote."

Jumanne ikawa siku yetu. Wakati wa chai nilitoka na simu, nikakaa kwenye ngazi za nyuma ya ofisi, nikamweleza maji yaliyokatika, jino la mtoto lililong'oka, vumbi lisiloisha. Siku nyingine za wiki, akiwa barabarani, alinijibu neno moja moja. Baadaye zamu zilibadilishwa, gari likaangukia Alhamisi, nasi tukahamia Alhamisi.

Nikiwa likizo, mama mkwe wangu alikuja kutoka Mlali kututembelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu hajambo huko?"

"Hajambo. Leo atapiga, gari lake limezuiwa."

Alishika kifua, akidhani mwanawe kakamatwa na polisi. Nilipomweleza, alishusha pumzi. "Mungu awabariki waliozuia. Wangeongeza na siku ya pili."

Kisha mume wangu akapiga kwa furaha. "Bosi kanunua gari la umeme! Haya hayazuiwi siku yoyote."

Nilimpongeza. Alhamisi iliyofuata, nikiwa nimerudi kazini, nilikaa kwenye ngazi mpaka chai ikapoa. Simu haikuita. Jioni aliandika: samahani, wageni wengi. Tangu hapo alipiga akiwa njiani, nami nilisikia wateja wakibishana bei ya vigae kiti cha nyuma. Nikianza jambo, yeye: "Subiri kidogo, nakata kona." Nikisubiri, nasahau nilichotaka kusema.

"Muombe bosi akurudishie siku yako," nilimwambia.

"Siku ile hakunipa yeye," alijibu. "Ilikuwa amri ya serikali. Yeye hajawahi kunipa siku."

Hata hivyo aliomba, akapewa Jumapili jioni, ambayo kwetu ni mchana. Jumapili ya kwanza nilijiandaa kama mgeni anakuja, nikamkalisha binti karibu. Simu ilipoita, baba yake alimsalimia, akamuuliza habari za shule, akanyamaza katikati ya sentensi. Tukasikia pumzi zake, nzito, za mtu aliyeelemewa.

"Baba kakata simu?" binti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Kalala."

"Tumwamshe?"

Nilitikisa kichwa. Nilitaka kumwambia mume wangu kwamba mama yake anaumwa miguu, na kwamba mimi mwenyewe nimechoka kuishi hivi. Nikaacha. Niliiweka simu mezani bila kuikata, binti akatoka kucheza, nami nikaendelea kupiga pasi nguo zake za shule huku nikimsikiliza baba yake akilala.