Vitambaa Kumi na Viwili vya Muthoka

Ukitaka kumjua Muthoka, usimwulize Muthoka. Mzee yule wa Kikamba alikuwa msiri kupita kiasi. Majirani zake wa Makongeni walijua kwamba alifiwa na mke, kwamba mwanawe Kisilu ni mwalimu huko Machakos, na kwamba yeye mwenyewe anafanya kazi kiwanda cha ngozi hapo Thika. Walijua pia kwamba mwaka wa hamsini na sita alilazwa hospitali Nairobi miezi miwili, akarudi amekonda. Aliugua nini? "Tumbo," angejibu, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Ukweli ni huu. Utumbo wake ulijisokota kama kamba ya ndoo, daktari akakata kipande kilichooza, na ncha iliyobaki akaitoa nje, kushoto mwa kitovu. Tangu siku hiyo choo cha Muthoka kilitokea hapo, kikaingia kwenye mfuko wa mpira uliofungwa kiunoni kwa mshipi. Kwanza alilia. Halafu akamtukana daktari moyoni. Halafu njaa ikamshika, akala, mfuko ukafanya kazi yake, akaona kumbe mtu bado ni mtu. Tena kazini alistarehe kabisa. Mahali ngozi za ng'ombe zinapolowekwa wiki nzima, nani atanusa Muthoka?

Taabu ilikuwa joto. Februari ya hamsini na nane jua liliwaka Thika bila huruma. Mpira ulinata mwilini, jasho likatiririka, mshipi ukateleza, vipele vikamwota kuuzunguka mfuko mpaka akawa anatembea upandeupande. Akaona liwalo na liwe, akaenda kwa Kailash, fundi wa cherehani karibu na soko. Kailash alikuwa Mhindi mnene, na mjini hapo hakuna aliyetokwa na jasho kumshinda. Muthoka alifunga mlango wa duka, akainua shati. Hakuwa amemwonyesha mtu mwingine yeyote.

Kailash alitazama, akakuna kidevu. "Veve Mutoka, navaa mpira juu ya ngozi, mwezi ya joto? Kwani veve gurudumu?"

Akakata marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, akashona vitambaa kumi na viwili vya mraba, akamwonyesha namna ya kukikunja kimoja kikae kati ya mpira na mwili. Akaushonea mfuko koti la pamba. Akashona mshipi mpana usiokata nyama, na kanda za mabegani ili suruali ining'inie bila kubana tumbo. Mengine Muthoka alijifunza mwenyewe: kubadilisha kitambaa kabla hakijalowa, kuosha kwa maji matupu na kukausha kwa kupapasa, kuanika mfuko wa akiba kivulini kwa sababu jua huula mpira, na kutembea na chupa ya uji mwepesi wenye chumvi kidogo. Wiki moja tu, vipele vikanywea. Mzee akaanza kupiga mluzi.

Sasa sikiliza ujinga wa mwanamume. Mtu mwenye akili angevianika vitambaa vile chumbani. Muthoka alivianika nyuma ya nyumba, kwenye kamba moja, vyeupe pe, vyote isipokuwa alichovaa, kila asubuhi ya Mungu. Mwanamume hajui nepi. Lakini Njambi wa chumba cha pili, mama wa watoto watano, alizijua vizuri sana.

Siku ya kwanza Njambi alivihesabu tu. Siku ya pili alimwona Muthoka akipika uji mwepesi. Siku ya tatu, kupitia ukuta wa bati, akamsikia akibembeleza: "Nyamaza, baba. Tulia, watu watakusikia." Kwani utumbo ule ulikuwa na sauti yake, na Muthoka alikuwa na mazoea ya kuzungumza nao. Njambi akashika mdomo. Ngai! Mzee ameficha mwanamke humo ndani, na mwanamke amezaa!

Habari ilizunguka mstari mzima wa nyumba kabla ya jioni, ikavuka mpaka sokoni, ikamfikia Mbithe. Huyu Mbithe alikuwa mjane wa Kikamba, muuza maharagwe, mwenye ulimi mkali na mwanya mzuri. Kila Jumamosi Muthoka alinunua kwake maharagwe asiyoweza kula, maana yalimjaza upepo mfukoni, akayagawa kwa watoto wa Njambi. Alinunua ili azungumze naye tu. Alimpenda, basi. Lakini alijiambia, "Nani atakubali kulala karibu na mfuko?" Akalipa, akasema kwaheri, wiki baada ya wiki, mwaka wa pili huu.

Jumamosi hiyo, Muthoka akiwa amejinyoosha kitandani, alisikia nyimbo. Akafungua mlango. Wanawake wanane walisimama pale na mizigo ya kuni na vibuyu vya uji, kama desturi yao wakienda kumwona mzazi. Njambi alikuwa mbele. Mbithe alikuwa nyuma kabisa, mikono mitupu, uso umekunjika.

"Baba Kisilu," akasema Njambi, "sisi si wabaya. Mtoto ni mtoto. Tuambie tu, ni kijana tupige vigelegele vitano, ama ni msichana tupige vitatu?"

"Mtoto gani?" Muthoka aliuliza.

"Uuui, mzee, nepi tumeziona!"

Kabla hajajibu, vigelegele vilishapigwa, vitano, wakibahatisha. Na vigelegele vikamleta Bwana Zacharia, msimamizi wa nyumba, akija mbio na daftari kwapani. Siku zile za Hali ya Hatari, kulaza mtu asiye na karatasi ya kibali haikuwa mchezo. Kile kilikuwa chumba cha mtu mmoja, na aliyevunja sheria alitolewa na kitanda chake.

"Muthoka, wewe ni mtu mzima, nakuheshimu," Zacharia alisema akihema. "Mtoe huyo mama nimwandike. Ukikataa, Jumatatu chumba si chako."

"Ingia utafute."

Zacharia aliingia, akachungulia chini ya kitanda, akafungua sanduku, akatoka. "Umemtorosha! Basi niambie, hizo nepi ni za nani?"

Muthoka alitazama kamba yake. Akatazama umati. Angeweza kusema uongo. Angeweza kusema ni vitambaa vya kazini. Lakini kule nyuma Mbithe alikuwa ameanza kugeuka aende zake, na Muthoka aliona wazi kwamba akiondoka leo, ameondoka. Chumba kingepatikana kingine, hata Ruiru. Ukimwambia ukweli atakimbia, usipomwambia ameshakimbia!

"Mbithe, ngoja!" aliita. "Nepi ni zangu!"

Akateremsha kanda za mabegani, akainua shati mbele ya kina mama wanane na serikali. Akaonyesha mshipi, koti la mfuko, kitambaa kilichokunjwa. Akaeleza yote, hospitali, utumbo, joto, vipele, na alipofika kwenye "nyamaza, baba", utumbo wenyewe ukaitikia kwa mngurumo mrefu.

Njambi ndiye aliyeangua kicheko kwanza, kisha akaona haya, akajifunika uso kwa leso. "Nisamehe, Baba Kisilu! Ati mimi nimekuwa nikikuombea huyo mtoto anyonye vizuri!" Hapo hata Muthoka alicheka. Zacharia alifunga daftari, akakohoa, akasema kitambaa hakihitaji karatasi. Lakini hakuondoka. Aliuliza kwa sauti ya chini kama vipele vilipona kweli, maana yeye naye ukanda wake wa kazi ulimchuna sana mwezi huu. Akaelekezwa kwa Kailash.

Mbithe alipenya katikati ya wenzake, akasimama mbele ya Muthoka. Hakucheka. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hilo lilimkasirisha.

"Nilikuja kumwona mwanamke aliyenishinda," alisema. "Usiku mzima sikulala, najiuliza ana nini ambacho mimi sina. Inauma?"

"Haiumi."

"Daktari alikukataza nini?"

"Kubeba mizigo mizito."

"Na kuoa?"

"Hakutaja kuoa."

"Basi ni nani aliyekukataza, Muthoka? Miaka miwili nakupimia maharagwe nikingoja neno!"

Muthoka aliona hakuna wa kumlaumu ila yeye mwenyewe. Alifunga vifungo vya shati lake taratibu, akaingia ndani, akarudi na kigoda chake cha pekee, akakipangusa kwa mkono na kumwekea Mbithe aketi.