Uyoga wa Ng'ambo

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nimetoka Njombe, nimepanga chumba kimoja Kasingirima, pale Ujiji, Kigoma, kwenye nyumba ya bibi mjane. Asubuhi nikitoka kwenda shule, ziwa lilikuwa bado limejifunika ukungu, na ng'ambo hakukuonekana kitu. Mchana ukungu ukiisha, milima ya Kongo ilijitokeza, ya buluu, karibu mno, na kila mara nilishangaa kwamba mahali panapoonekana patulivu namna ile ndiko walikotoka watu waliokuwa wakilala barazani kwa majirani.

Siku moja nilirudi shule nikamkuta mwanamke amekaa mkekani uani, miguu ameinyoosha, macho kwenye ukuta. Bibi alikuwa anamchambulia mchele.

"Huyu ni binti wa kaka yangu wa ng'ambo," bibi akaniambia. "Mtumbwi uliwashusha Ilagala, wamefika huku kwa miguu na kwa lori. Mwite dada, maana amekuzidi umri."

Nikamsalimu shikamoo dada, akaitikia kwa sauti ndogo. Pembeni yake palikuwa na sufuria, nguo chache, na chupa kubwa iliyofungwa kwa kitenge, shingo tu ikionekana. Ndani yake palikuwa na kitu cheupe.

"Ni maziwa hayo, dada? Yatachacha kwa joto hili."

Ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. Uso ukamlegea, akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyechoka.

"Si maziwa, mwalimu. Wenzangu wamebeba dhahabu, mimi nimebeba ukungu."

Habari yenyewe nilikuja kuisikia kidogo kidogo. Milio ya bunduki ilipokaribia mji wao, mume wake alimwambia atangulie na majirani kwenye mtumbwi. Yeye angefunga nyumba, angefuata na mtumbwi mwingine. Jikoni kulikuwa na giza. Alipapasa rafu, akashika chupa, akaamini ni ya mawese. Katikati ya ziwa watu walipoona njaa, wakatoa mihogo mikavu, naye akafungua kitenge ili awatilie mafuta. Akakuta ni chupa ya mume wake, ya mbegu za uyoga.

"Nilikasirika," alisema. "Niliinyanyua niitupe majini. Halafu nikaona, hiki ni kitu chake. Sina kitu chake kingine."

Mume alikuwa mtunza bustani kwa mapadri, na huko ndiko alikojifunza kuotesha uyoga. Nyumbani aliuotesha stoo, kwa kuupenda tu. Wanaume wengine jioni walikwenda kucheza bao, yeye alikwenda kwa uyoga wake. Mbegu zenyewe zilikuwa punje za mtama zilizochemshwa, ambazo utando mweupe ulikuwa umezivika hata huwezi kuona punje.

Mimi kwetu Njombe nilikua nikiokota uyoga msituni na mama, mvua zikianza, tukiwa tumejitanda magunia kichwani. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuulea nyumbani. Nikamuuliza kama tungeweza kujaribu. Aliitazama chupa muda mrefu.

"Mimi sijui kazi ile, mwalimu. Nilikuwa napita tu na ndoo, namwona. Lakini ikikaa hivi itakufa."

Tukaanza. Bibi alitupa jiko lake la zamani la uani, ambalo dari yake ilikuwa nyeusi ti kwa masizi. Majani makavu ya migomba tuliyapata bure, maranda tuliomba kwa seremala wa sokoni Mwanga, na huko huko nikanunua mifuko ya nailoni. Kilichobaki ni kujua la kufanya, na kila kitu kilikuwa kwenye kumbukumbu za mtu aliyekuwa akipita na ndoo.

Alikuwa akisimama katikati ya jiko lile, anafumba macho. Mimi nangoja nimeshika panga la kukatia majani.

"Ngoja," alisema. "Alikuwa anainama hivi. Mkono wa kushoto umeshika mdomo wa mfuko. Anatia majani, anashindilia kwa ngumi. Halafu mbegu, pembeni pembeni. Halafu majani tena." Mikono yake ilikwenda hewani, ikishika mfuko ambao haupo. "Na majivu. Ndiyo, majivu. Anayo kwenye kopo, ananyunyiza huku anaimba."

Basi tukaloweka majani kwenye maji ya majivu, kisha tukayachemsha kwenye pipa.

Mara ya kwanza tuliharibu. Tulipanda mbegu majani yakiwa bado ya moto, na baada ya siku chache mifuko ikageuka kijani na kunuka kama vitambaa vilivyosahauliwa kwenye beseni. Bibi alichungulia mlangoni, pua ameiziba kwa kanga.

"Uyoga ni wa kichuguu," alisema. "Mungu ndiye anayeupanda. Ninyi mnaozesha majani tu."

Dada alikwenda kukaa mkekani, akaukabili ukuta kama siku ile ya kwanza, na nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini keshoye nilimkuta jikoni, macho ameyafumba.

"Alikuwa anakamua," aliniambia. "Anachukua majani mkononi, anakamua, anatazama kama maji yanachirizika. Yakichirizika anayaacha yajichuje na kupoa zaidi. Nilimwona. Nilikuwa nimesahau."

Mbegu zilikuwa zimebaki chini ya nusu ya chupa. Tulizitumia zote. Tukaning'iniza mifuko kwenye boriti, tukamwaga mchanga sakafuni na kuulowesha, tukatundika gunia bichi mlangoni, tukangoja.

Kati ya yote ya Kigoma, kungoja kule ndiko ninakokukumbuka kuliko mengine. Masika yalikuwa yameanza. Nikirudi shule nilivua viatu, nikainua gunia na kuingia kwenye giza lile lenye harufu ya mti mbichi na ya udongo ulionyeshewa. Dada alikuwa ndani tayari, kwenye kigoda. Mwanzoni hukuona kitu. Macho yakizoea, mifuko ilitokea mmoja mmoja, na kila siku weupe ulikuwa umesogea kidogo ndani ya majani, taratibu, kama maziwa yanavyotembea ndani ya chai ambayo hakuna aliyeikoroga. Mvua ilipiga bati. Adhana ya alasiri ilifika kwetu kwa mbali, kama inatokea chini ya maji.

Humo tulizungumza kwa sauti ya chini, kama watu walio karibu na mtoto aliyelala. Alinieleza juu ya mume wake: kwamba alikuwa mfupi, kwamba aliogopa radi, kwamba alikula polepole hata wageni wakamaliza na kunawa. Mara nyingine alinyamaza katikati ya sentensi na mimi nikasinzia nimeegemea ukuta wa masizi. Nilipozinduka nilimkuta anaendelea, na sikujua kama ninayoyakumbuka aliyasema yeye au niliyaota. Hata leo sijui. Kuna mti wa mpera uani kwao ninaouona wazi kabisa, matawi na maua yake, na sina hakika kama aliwahi kuutaja.

Asubuhi moja ya Jumamosi aliniita dirishani.

"Mwalimu. Njoo, pole pole."

Kwenye tundu tulilotoboa mfukoni, vichwa vidogo vilikuwa vimechomoza vimebanana, kama vya njiti za kiberiti. Jioni vilikuwa vimekua kama vifungo vya shati. Siku iliyofuata vilikuwa vimekunjuka na kuwa masikio, yamepandana, ya rangi ya ziwa kabla ya jua. Dada aliyagusa kwa mgongo wa mkono, jinsi unavyomgusa mgonjwa kuona kama homa imeshuka.

"Umekuja," akasema.

Sikumuuliza alikuwa anamwambia nani.

Tulipika kwa mawese na kitunguu, tukala na ugali wa muhogo. Ulikuwa laini lakini una ukaidi kidogo menoni, na utamu wake ulikaa mdomoni muda mrefu. Bibi alikataa katakata kuonja. Alikaa kando akatuangalia tukila, uso wa mtu anayehudhuria msiba kabla ya wakati. Keshoye baada ya sala ya alfajiri alikuja kugonga mlango wangu, akaniona nimesimama mzima, kisha akamtazama dada anayefagia uwanja.

"Mmebakisha?" akauliza.

Toka hapo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchungulia chini ya gunia, na watu wa ng'ambo waliokuwa mitaa ile walianza kuja kuangalia. Wengine walileta majani ya migomba. Wengine walikaa tu kwenye kiza kile kidogo, kisha wakaaga. Ni mmoja wao, mzee mshona viatu aliyekuwa ametoka kumtembelea mwanawe kambini upande wa Kasulu, ndiye aliyetuletea habari. Aliutazama uyoga, akatikisa kichwa.

"Kuna bwana kule kambini anapenda kusimulia mambo haya. Mtunza bustani. Mfupi. Kila anayetoka Ujiji anamuuliza kama amemwona mke wake."

Dada alikuwa amebeba kopo la maji. Aliliweka chini kwa uangalifu, asimwage hata tone, ndipo akakaa.

Aliondoka na lori lililopeleka unga. Hakuchukua mfuko hata mmoja. "Usiache pakauke," aliniambia tu, na bibi alilia kwa niaba yetu sote. Nikabaki na jiko. Mifuko ilipochoka nilimega utando na kuupanda kwenye majani mapya, kama tulivyozoea, majivu na yote. Uliokuwa mwingi niliuanika kwenye ungo.

Likizo ilipofika nilikwenda kambini kumtembelea yeye na mumewe, na mfuko wa uyoga mkavu. Walikuwa na nyumba ya tofali mbichi, imeezekwa turubai. Mume alikuwa mfupi kweli. Alinikaribisha kwa mikono miwili, akataka nimweleze kila hatua, tangu mwanzo. Nikaeleza. Nilipofika kwenye majivu akanikatiza.

"Majivu ya nini, mwalimu?"

"Yale uliyokuwa unanyunyiza," mkewe akajibu. "Kwenye kopo. Unaimba."

Alifikiri kidogo.

"Nilikuwa nanyunyiza mlangoni. Siafu walikuwa wanaingia stoo."

Dada alifunika mdomo kwa kitenge. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, na kicheko kiligeuka katikati kikawa kilio, kisha kikarudi tena kuwa kicheko. Mume wake alimshika kisigino, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

"Na ukaota?" akaniuliza.

"Ukaota."

"Basi huo si wangu. Huo ni wenu."

Pale kambini hawakuotesha. Maji yalikuwa ya foleni, na jua lilipiga turubai toka asubuhi. Lakini siku ile mume aliufungua uyoga mkavu, akatia maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, akaudumbukiza. Tukakaa watatu tumeinama. Vile vipande vilivyokuwa vimesinyaa kama ngozi ya kiatu vilianza kulegea, vikatanuka, kingo zikajikunjua, na harufu ya jiko la Kasingirima ikapanda katikati yetu. Nje watoto walikuwa wanafukuzana na gurudumu, na nilihisi kana kwamba niko mahali pawili.

Niliwatembelea tena likizo zilizofuata, kisha nikahamishiwa Mpanda. Bibi ndiye aliyenitumia salamu kwamba amani imerudi kidogo ng'ambo, nao wamepanda meli kurudi kwao, wote wawili, na mtoto wa kike mgongoni. Jiko alilipangisha kwa fundi cherehani, ambaye alilalamika kwamba ukuta mmoja haukauki.